Mimi namwona, kamera haimwoni

SWALI: Habari mhariri, mtu akikaa dirishani mchana mi namwona vizuri tu, sura, macho, hata mawingu ya nje nayaona, ila nikimpiga picha anatoka mweusi tii, nikiongeza mwanga uso uonekane dirisha nalo linakuwa jeupe lote hamna kitu. Ninunue kamera nyingine au shida ni mimi?

JIBU: Usinunue kitu, kamera yako ni nzima. Jicho ndo linakudanganya ndugu yangu, tena kwa nia njema. Sehemu yake inayoona kwa ukali ni ndogo mno, ukinyoosha mkono mbele ni kama upana wa ukucha wa dole gumba hivi, kwingine kote ni ukunguukungu tu. Sasa linarukaruka, kama mara tatu kwa sekunde, likitua usoni linajirekebishia giza la pale, likihamia mawinguni linajirekebisha tena, halafu ubongo unaunga vipande vyote na wewe unaamini umeviona kwa mpigo mmoja. Kamera ya kawaida inachagua eksposha moja, yaani kiasi kimoja cha mwanga wa kuingiza, kwa picha nzima, basi.

Mchoraji hasumbuki hivyo maana anatazama uso anachora uso, anatazama dirisha anachora dirisha. Wapiga picha nao walishtukia mapema, Gustave Le Gray kule Ufaransa miaka ya 1850 aliona bahari na anga havitoki vizuri pamoja, akawa anatumia negativu mbili (zile picha za kuchapia), moja ya anga moja ya bahari, anaziunganisha kwenye karatasi moja. HDR ya simu, ile ya kuunganisha picha kadhaa za mwanga tofauti ziwe moja, inafuata wazo hilohilo, ingawa mi ikizidi siipendi, kila kitu kinang'aa sawasawa mpaka hujui utazame wapi.

Wewe mgeuze tu dirisha liwe ubavuni kwake, au weka kitu cheupe mbele yake kimrudishie mwanga usoni, flashi ndogo pia inasaidia. Au mwache mweusi makusudi, umbo likiwa zuri inapendeza kuliko sura!

Na kabla hujabonyeza finya macho, yafumbe nusu, wachoraji wanafanya sana hivi, vitu vidogovidogo vinapotea yanabaki mabaka ya mwanga na giza, ukiona uso umezama gizani hapo jua na kamera itauzamisha.