Kufupisha hausingi ya difu: laza shafti mezani kabla hujawasha grenda

Hausingi, yaani ganda la ekseli ya nyuma lenye difu katikati na bomba kila upande, ya kwanza niliyoifupisha ilianza kuvuja oili kabla ya miezi miwili. Nikabadilisha sili, ikavuja. Nikabadilisha sili na beringi, ikavuja tena, upande uleule. Nilipofungua mara ya tatu nikakuta beringi imelika upande mmoja tu na saidi shafti, ile inayozungusha tairi, imechubuka pale beringi inapokaa. Hapo nikakubali jambo nililokuwa nalikwepa: bomba nimelichomelea kombo. Na kwa macho lilikuwa limenyooka kama rula!

Gari ni Mustang ya 1966, iliyotoka kiwandani na injini ya silinda sita, rimu za nati nne na difu ndogo ya inchi 7.25. Nimeiwekea V8 ya inchi za ujazo 302, na difu ile haiwezi mzigo huo. Hapa Ohio ninapoishi kila mtu ana ushauri wake: tafuta difu ya inchi 8 ya Mustang za V8, au jikaze ununue ya inchi 9. Mimi nilikwenda skrepa. Za huku unaingia na spana zako, unafungua mwenyewe unachokitaka, unalipa mlangoni. Nikatoka na difu ya Ford Explorer ya 1998, mgongo ukiniuma wiki nzima.

Difu hiyo huitwa 8.8, kwa kipenyo cha krauni yake, ile gia kubwa ya ndani, kwa inchi. Saidi shafti zina meno 31, za ile ya inchi 8 zina 28. Explorer za kuanzia 1995 mpaka 2001 zina breki za diski nyuma, na nati zake tano zimepangwa kama za Mustang ya V8. (Ya silinda sita kama yangu, jiandae kubadilisha na mbele, la sivyo utabeba spea tairi mbili.) Kabla hujalala chini ya gari la skrepa, soma kibandiko cha mlango wa dereva, kwenye herufi za ekseli. Ukikuta D4, hiyo ni ya uwiano wa 3.73 (propela huzunguka mara 3.73 tairi likizunguka mara moja) yenye klachi ndani, isiyoacha tairi moja lizunguke bure. Fungua hiyo.

Tatizo ni upana. Kutoka uso wa shafti ya kushoto, pale rimu inapofungwa, hadi wa kulia ni kama inchi 59 na nusu, Mustang inataka kama 57. Ukiifunga hivyo hivyo matairi yatasugua fenda. Ila Explorer ina siri: pua ya difu, pale propela inapoingia, haiko katikati, imesogea kulia, kwa hiyo shafti ya kulia ni fupi na ya kushoto ni ndefu. Ukikata bomba la kushoto na kuweka shafti ya pili ya kulia kutoka Explorer nyingine, hausingi inakuwa na upana unaofaa, pua inarudi katikati, na hukukata shafti hata moja wala kuchonga meno mapya. Shafti ya kiwandani ikiharibika miaka mitano ijayo, unarudi skrepa.

Ukate kiasi gani? Wengi watakwambia inchi 2 na robo tatu na kitu, wengine 3 kamili. Usichukue namba ya mtu, hata yangu. Laza shafti ndefu na fupi mezani, nyuso za nati zikiwa zimegusa ukuta mmoja, upime tofauti kwenye mfereji wa klipu. Tofauti hiyo ndiyo unayokata. Shafti hizi zinashikiliwa na klipu ndogo ndani ya difu, hivyo ukizidisha au ukipunguza, klipu haitaingia au shafti itacheza. Yangu ilitoka milimita 73.

Sasa kabla ya grenda, chora mstari kwa msumari kandokando ya bomba, uvuke pale utakapokata. Pleti ya breki lazima irudi ilivyokuwa, isizunguke hata kidogo. Ukisahau mstari huo utaipata hasara siku ya kufunga kalipa ya breki. Toa krauni yote nje, na zile kofia za beringi uziwekee alama kushoto na kulia, kwa sababu zimechongwa pamoja na hausingi na hazibadilishani.

Kunyoosha ndiko kulikonishinda mara ya kwanza, kwa kuwa nilitumia pembe mraba na moyo wangu. Mara ya pili niliazima nondo nene iliyokerezwa, ambayo hupita ndani ya hausingi yote, imeshikwa na vigurudumu vya alumini kwenye makao ya beringi za katikati na za mwishoni. Hiyo ndiyo inayokuonyesha kama mabomba mawili yako kwenye mstari mmoja. Saga kingo ziwe na mteremko ili weldi iingie ndani, shika nukta nne, kisha choma vipande vifupi, juu halafu chini, kushoto halafu kulia. Pumzika. Weldi ikipoa huvuta bomba upande wake. Kila baada ya kipande zungusha nondo kwa mkono. Ikianza kuwa nzito, acha, upande wa pili ndio unaofuata. Kazi ya dakika ishirini ilinichukua alasiri nzima, chai mbili katikati.

Vikalio vya springi vya Explorer vikate vyote, uweke vya Mustang, lakini uvishike kwa nukta tu. Shusha gari likae kwa uzito wake kwenye magurudumu, weka pua sambamba na giaboksi, kisha iinamishe kama digrii mbili, kwa sababu ukikanyaga mafuta springi za mabapa hujikunja na kuinua pua. Ndipo uchomelee moja kwa moja. Propela nayo ipimwe hapo, si kabla, halafu ikakatwe na kusawazishwa na mwenye mashine.

Ukimaliza, angalia kijibomba cha pumzi juu ya hausingi. Rafiki yangu alipaka yake rangi nyeusi nzuri, tundu likaziba, difu ikipata joto oili ikatafuta njia kwenye sili. Akanijia akiamini naye amechomelea kombo. Tulikizibua kwa waya, difu haijavuja tena.