Siku Moja Moja Zikijumlishwa: Maswali Yenu Kuhusu Utoro wa Shule

Mwanangu wa darasa la pili hukosa siku moja moja tu, na kila mara natoa taarifa. Mbona mwalimu wake analalamika?

Kwa sababu mwalimu ana daftari la mahudhurio, wewe una kumbukumbu. Kipimo kinachotumika sana, Marekani na Uingereza pia, ni asilimia 10: anayekosa sehemu moja ya kumi ya masomo huhesabiwa kuwa na tatizo sugu, awe na ruhusa au hana. Kwa mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18, takriban mbili kwa mwezi. Ruhusa inamwondolea mtoto lawama, haimrudishii somo.

Wazazi wengi hukosea hesabu hii. Watafiti Todd Rogers na Avi Feller, katika utafiti uliochapishwa 2018, waliwatumia wazazi wa Philadelphia, Marekani, barua zenye idadi ya siku ambazo watoto wao walikosa. Utoro sugu ukapungua kwa asilimia 10 au zaidi. Basi tundika kalenda ukutani, utie alama kila siku anayobaki nyumbani.

Kwani darasa la pili wanasoma nini kikubwa?

Wanajifunza kusoma kwenyewe! Aliyekosa Jumanne wenzake wakitofautisha sauti ya "ng'ombe" na ya "ngoma", Jumatano anakuta wamefika kwenye sentensi. Hataki kuonekana hajui, ananyamaza. Hapo ndipo shule inapoanza kumchosha.

Kijana wangu wa miaka 13 huanza kuumwa tumbo kila Jumapili usiku. Daktari haoni ugonjwa. Baba yake anasema ni uvivu, achapwe.

Asichapwe. Tumbo linaweza kuuma kweli kwa wasiwasi, na kwamba linauma Jumapili, Ijumaa haliumi, ni habari tosha. Ugumu ni kwamba ukimwacha nyumbani anapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoifanya kesho iwe ngumu zaidi.

Usimuulize "kwa nini hutaki shule?" Atakujibu "sijui", na huenda hajui kweli. Muulize ni saa ngapi ya siku ya shule inayomtisha: njiani, mapumziko, kipindi cha hesabu, chooni? Mtoto anayejibana haja mchana kutwa kwa kuogopa wakubwa walioko chooni hatakwambia bila kuulizwa. Ukikuta anaonewa, shule imalize hilo kwanza. Kumrudisha mikononi mwa wanaomtesa si kumsaidia.

Kama ni wasiwasi mtupu, panga na mwalimu wa darasa arudi kidogo kidogo, hata kwa vipindi viwili vya kwanza. Siku akibaki nyumbani, simu na televisheni vizimwe, afanye kazi za darasani. Hali ikiendelea, tafuta mshauri nasaha mapema, msingoje muhula uishe.

Mimi ni mwalimu. Mtoro akirudi nimwadhibu mbele ya wenzake?

Utamfundisha kwamba kurudi kunauma kuliko kukosa. (Na wanaomsimamisha masomo mtoto kwa kosa la kutokuja shule, sijui huwa wanatarajia nini.) Uliza kwanza. Mmoja ana pumu, mwingine analea mdogo wake, binti hana pedi, mwingine ana minyoo. Hilo la mwisho si mzaha: wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walionyesha mwaka 2004, kutokana na shule za Busia, Kenya, kwamba dawa za minyoo zilipunguza utoro kwa karibu robo. Kiboko hakitibu lolote kati ya hayo. Akirudi, mpe alichokosa na mtu wa kukaa naye.

Ana mafua kidogo. Aende?

Kama hana homa, anakula na anacheza, aende. Akiwa na homa, anatapika au anahara, abaki, na mwalimu ajulishwe asubuhi hiyo hiyo.