Vazi la wimbi: pamba inakunywa rangi, poliesta inakataa

Vazi la bahari likijazwa samaki, nanga na makombe linageuka sare ya tamasha la shule. Chagua kitu kimoja tu. Hapa ni wimbi, kwenye joho la wazi mbele.

Shuka pana la mitumba kutoka Kibuye, Kisumu, linatosha, ila lebo nyingi zimekatwa. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa punje ngumu. Rangi ya reaktivu (rangi ya unga inayoungana na nyuzi za pamba) hushika pamba; poliesta hubaki nyeupe. Basi itumie hiyo tabia: shona mistari michache kwa cherehani na uzi mweupe wa poliesta kabla ya kutia rangi, nayo itatokea kama povu.

Shuka liwe limefuliwa kwa maji moto na sabuni. Chora mawimbi kwa penseli, sentimita 3 kati ya mstari na mstari. Shona kwa mkono juu ya kila mstari kwa uzi mzito maradufu, hatua za sentimita 1, kisha vuta mpaka kitambaa kisinyae kama kamba, ufunge fundo. Wengi huharibu hapa: uzi ukilegea, rangi hupenya na wimbi halionekani.

Loweka nusu saa katika soda ashi (kaboneti ya sodiamu, inayofanya rangi ishike pamba), gramu 250 kwa lita 5 za maji. Magadi ya kupikia mboga ni dhaifu mno. Kamua. Vaa glavu na barakoa, maana unga wa rangi hudhuru mapafu. Buluu ya kilindini ni vijiko vidogo 2 kwa mililita 250 za maji vuguvugu. Ya ufukweni, nusu kijiko. Mimina rangi: kilindi kianzie mabegani, ipungue ukishuka pindoni. Acha saa 24 ndani ya ndoo yenye kifuniko (si mfuko wa plastiki: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea 2017, na ndoo ni bora hata hivyo). Kitambaa kikikauka mapema, kitapauka. Baridi nayo huchelewesha rangi, kwa hiyo penye baridi kama Nakuru ndoo ilale ndani. Suuza kwa maji baridi, kisha moto na sabuni hadi maji yatoke safi, ndipo ukate nyuzi za mkono.

Joho likatwe baada ya rangi, kwa sababu pamba hurudi.

Povu la pindoni: duara za oganza ya poliesta (kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga), sentimita 4 hadi 6. Zungusha ukingo juu ya mwali wa mshumaa bila kuugusa, utajikunja wenyewe. Kila duara ishikwe kwa mshono mmoja katikati. Anza na 60, tundika joho usiku kucha, uone pindo limevutwa wapi kabla ya kuongeza.