Video inayong'aa na kufifia yenyewe
Ndugu, umeuliza kwa nini dirisha kwenye video yako linapauka kila mtu anapopita mbele yake. Si ubovu wa kamera. Umeiacha ijipimie mwanga yenyewe: ikiona mtu anayeonekana kama kivuli mbele ya mwanga mkali inaongeza, akiondoka inapunguza. Zima hiyo otomatiki, upange mwenyewe.

Anza na shata, yaani muda ambao kila fremu (picha moja ya video) hupokea mwanga. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, weka 1/50 ya sekunde na uiache hapo. Wengi hukimbilia 1/500 ili kupunguza mwanga, halafu mtu akipunga mkono unaonekana unarukaruka vipande vipande. Mwanga urekebishe kwa tundu la lenzi. ISO, yaani kiwango cha kamera kuukuza mwanga, iwe ya mwisho kupandishwa, maana huleta chengachenga. Nje kwenye jua kali funga kichujio cha ND, yaani miwani ya jua ya lenzi.

Kama kamera ina zebra, yaani milia inayoonyesha kwenye skrini sehemu zilizozidi mwanga, iweke kwenye 100%. Milia ikitokea kwenye dirisha, iache (mimi dirisha huwa nalitoa sadaka). Ikitokea kwenye paji la uso, funga tundu kidogo mpaka ipotee. Skrini ya kamera usiiamini juani, inadanganya.