Bia yenye ladha ya kabalagala: usianze na sukari

Nililelewa katika kambi ya jeshi mjini Jinja, na utamu wa utoto wangu ni kabalagala: ndizi ndogo zilizoiva mno, zikapondwa, zikakandwa na unga wa muhogo, zikakaangwa. Nilipoanza kutengeneza bia nyumbani hapa Kampala, hiyo ndiyo ladha niliyoitaka kwenye chupa.

Mara ya kwanza nilichemsha kilo tatu za ndizi pamoja na kimea, nikaongeza kilo nzima ya sukari. Baada ya wiki mbili nikapata bia nyepesi, kali, isiyonukia ndizi hata kidogo. Iliniuma, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua tangu utotoni. Omubisi, yale maji ya ndizi yanayokamuliwa kwa nyasi, ni matamu kama asali. Yachanganye na unga wa mtama, yaache yachachuke, utakuta tonto, yaani pombe ya ndizi, na utamu mwingi umeondoka. Hamira imeula. Kuongeza sukari ni kuongeza pombe.

Kwa hiyo kabla hujagusa sufuria, kula hicho kitamu chako taratibu na ujiulize unachokipenda ni nini hasa. Kwenye kabalagala mimi nilikuta mambo matatu: harufu ya ndizi mbivu, ule ukingo wa kahawia uliokaangwa, na uzito mdomoni. Nikagundua kwamba yote matatu naweza kuyapata bila ndizi.

Harufu inatoka kwa hamira ya bia ya ngano ya Kijerumani, ambayo yenyewe hutoa isoamili asetati, kiini kilekile kinachonukia katika ndizi mbivu. Kwenye baridi hamira hii huelekea karafuu. Kwenye nyuzi 22 ndizi hujitokeza, na hapo hali ya hewa ya Kampala inatusaidia sana. Siku ya jua kali naiweka ndoo ya bia inayochachuka ndani ya beseni la maji na kuifunika taulo bichi, maana joto likizidi, pombe huchoma koo.

Kwa lita 20 natumia kilo 4 za kimea cha shayiri, kilo 1 ya kimea cha ngano, na gramu 400 za kimea cha karameli kwa ajili ya ule ukahawia. Nakiloweka kwa saa moja kwenye nyuzi 68. Ukishuka hadi 64 utapata sukari nyepesi ambazo hamira huzimaliza. Kwenye 68 zinabaki nyingi nzito, na hizo ndizo uzito wa mdomoni. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, gramu 35 tu, za aina isiyo chungu sana. Dakika kumi za mwisho za kuchemsha naongeza gramu 400 za laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila. Tafadhali waambie wageni wako mapema, kuna watu ambao maziwa huwasumbua tumbo.

Mwisho naongeza vanila kidogo. Ndiyo inayoharibu bia nyingi, nami nakusihi uipime. Tuna vanila nzuri ya Mukono na Bundibugyo, haina haja ya kumwagwa kwa kubahatisha. Napasua maganda matatu, nakwangua mbegu, naloweka vyote kwenye mililita 100 za waragi, pombe kali ya Uganda, kwa wiki moja. Bia ikimaliza kuchachuka, nachota glasi nne za bia, mililita 100 kila moja. Ya kwanza naiacha hivyo hivyo. Nyingine naziwekea, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mililita 0.1, 0.25 na 0.5. Naonja, namwita jirani naye aonje. Ikishinda ya 0.25, ndoo nzima inahitaji mililita 50. Kwa kawaida hushinda ile ambayo vanila huitambui mpaka uambiwe ipo.

Usijaze chupa mpaka haidromita, kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki, isome namba ileile siku tatu mfululizo, la sivyo zitapasuka. Kisha gramu 120 za sukari ya kuleta gesi kwa lita zote 20, na wiki tatu za kusubiri. Ukiitoa kwenye friji, iache mezani dakika kumi kwanza. Ikiwa baridi mno ndizi haisikiki.