Mzazi asiyekuja shuleni hajaikataa shule: niliyojifunza katika sikukuu mbili za shule yetu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Kariobangi ambaye mtoto wake anasoma katika shule ndogo ya parokia, kama wangu. Aliandika: "Tumsifu Yesu Kristo, mwenyekiti. Nimesikia sikukuu yenu ilifana. Yetu ni Oktoba, na wazazi wetu hawaji hata tukiwaita namna gani. Ninyi mliwaletaje?" Nilimjibu, "Milele na milele, amina, nitakuandikia," kisha nikakaa siku nne bila kuandika, kwa sababu jibu la kweli linaanzia mwaka jana, na mwaka jana si mwaka ninaopenda kuusimulia.

Shule yetu iko Eastlands, nyuma ya kanisa la parokia. Ina madarasa manane, kuanzia PP1, darasa la kwanza la awali, hadi Gredi ya 6, wanafunzi 184, na uwanja mmoja wa vumbi ambao ni wa gwaride, wa kandanda na wa kuegesha magari siku za Jumapili. Iliwekwa chini ya ulinzi wa Mashahidi wa Uganda, kwa hiyo sikukuu yake ni tarehe 3 Juni, nasi huiadhimisha Jumamosi inayofuata ili wazazi waliopo kazini wapate nafasi. Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa wazazi mwezi wa Januari mwaka jana, na nakiri kwamba niliingia na hamu kubwa ya kuonekana. Nilikuwa nimehudhuria sherehe katika shule za upande ule mwingine wa jiji, nikaona mahema meupe, viti vilivyovalishwa vitambaa, na mwongoza ratiba mwenye suti, na nikajiambia kwamba watoto wetu nao wanastahili hivyo. Ninyi mnaosoma haya bila shaka mmewahi kujiambia vivyo hivyo, maana hakuna mzazi asiyetamani mtoto wake ang'ae.

Tulikadiria gharama, tukaamua kila familia itoe shilingi 1,000. Pesa zilitumwa kwa M-Pesa katika simu ya mweka hazina, na kila jioni mimi mwenyewe nilikuwa nikibandika orodha katika kundi la WhatsApp la wazazi: majina yote, moja chini ya jingine, na alama ya vyema mbele ya waliolipa. Niliamini ninawatia watu moyo. Wazazi walianza kutoka katika kundi, leo wawili, kesho mmoja, hadi katika wiki moja wakawa kumi na mmoja. Badala ya kujiuliza kulikoni, usiku mmoja nilirekodi ujumbe wa sauti wa dakika sita nikiwakemea wazazi wasiojali elimu ya watoto wao. Ujumbe huo ningali nao katika simu, na sijaweza kuusikiliza tena.

Siku ilipofika tulikuwa na mahema mawili na viti 200 vya kukodi. Nilihesabu watu wazima 43, walimu wakiwemo. Misa ilikuwa nzuri, kwaya ya watoto iliimba vizuri, lakini macho yangu yaliganda kwenye maandamano ya vipaji, watoto wanapocheza wakipeleka matoleo altareni. Msichana mmoja wa Gredi ya 2 alikuwa amepewa nanasi. Lilikuwa kubwa kuliko kifua chake, kwa hiyo alilikumbatia kwa mikono miwili huku majani yake yakimchoma kidevuni, na kila baada ya hatua tatu au nne za kucheza aligeuza shingo kutazama lango la shule. Mwenzake aliyekuwa nyuma alimgonga mara mbili kwa sababu alikuwa akisimama. Nilifikiri moyoni kwamba mama yake ni mmoja wa wale wasiojali.

Katika mkutano uliofuata, mzazi mmoja alisimama mbele ya walimu na baadhi ya watoto akauliza pesa za mahema zilienda wapi. Mahema yalikuwa yamelipiwa, risiti zilikuwepo mfukoni mwangu, na shilingi 7,500 zilizopungua nilikuwa nimezitoa katika mshahara wangu bila kumwambia mtu, hata mke wangu. Sikujibu lolote kwa kuwa sauti ilinikatika. Watu wamenishauri nisahau, na mzazi huyo tunasalimiana kanisani, tunapeana amani kama Wakristo, lakini sitadanganya: bado inauma. Hata hivyo, leo naona alikuwa na haki ya kuuliza. Pesa za umma zikipitia simu ya mtu binafsi na hesabu isibandikwe ukutani, mwenye kuuliza hana kosa.

Nilienda kwa Sista, mwalimu mkuu wetu, kumwambia najiuzulu. Hakunibembeleza. Alifungua kabati, akatoa daftari lenye majina ya wanafunzi na jumuiya ndogo ndogo ambazo familia zao husali, akanikabidhi na kusema, "Kawaulize kwanza, kisha uje tuzungumze habari ya kujiuzulu." Hapa niseme jambo ambalo sisi Wakatoliki wa Nairobi tunalisahau kwa sababu tumelizoea mno. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, majirani wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao kusoma Injili, kusali na kusaidiana. Kila parokia inazo. Tunazitumia kwa mazishi na kwa michango ya kanisa, lakini shule iliyo kwenye kiwanja kilekile huenda ikapita miaka bila kuzitumia hata mara moja. Mimi nilikuwa na kundi la simu lenye watu wasiozungumza, ilhali kila wiki wazazi walewale walikuwa wakiketi pamoja chumbani kwa mtu.

Nyumba ya tatu niliyoingia, nikiwa na mwenyekiti wa jumuiya yao, mzee mpole ambaye hubisha hodi hata mlango ukiwa wazi, ilikuwa ya mama anayeuza mandazi karibu na kituo cha matatu. Watoto humwita Mama Mandazi, nami nitamwita hivyo hapa. Alikuwa amechuchumaa mlangoni akisugua karai kwa majivu. Hakuacha kusugua tulipoketi. Nilimuuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwa nini hakufika kwenye sikukuu. Alisema, "Nilifika." Akaendelea kusugua. Kisha akaeleza kwamba alikuwa amefunga biashara mapema, akaoga, akavaa, akafika hadi langoni, na hapo akaona meza tuliyoiweka ya kuandikisha wazazi, ile orodha ya michango ikiwa juu yake. Alikuwa na deni la karo la mihula miwili na jina lake halikuwa na alama. Akageuka. Lakini hakurudi nyumbani. Alizunguka nyuma ya ua wa mabati, mahali palipo na tundu, akaitazama Misa yote akiwa amesimama nje. "Nilimwona na lile nanasi," akasema. "Nilikuwa namwambia atembee, lakini angenisikia vipi."

Nimekaa katika kamati nyingi, za kanisa na za mtaa, na sijawahi kuambiwa neno lililonivunja kama hilo. Yule mtoto alikuwa sahihi kutazama lango. Mama yake alikuwepo. Sisi ndio tuliomweka nje.

Nilizitembelea familia 61 kati ya Julai na Novemba. Sitawachosha na kila ziara. Nyingi zilikuwa za chai na maneno machache. Lakini sababu ilikuwa ileile, ikivaa nguo tofauti kila nyumba. Mwenye deni la karo anaogopa kuulizwa mbele ya watu. Mlinzi anayefanya kazi usiku anaona haya kusinzia kwenye mkutano. Nyanya anayelea mjukuu hajui kusoma na anaogopa kupewa kalamu. Baba wa Kianglikana alidhani Misa si mahali pake, na nilipomweleza kwamba mwaka wa 1886 kule Namugongo, Uganda, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja, na kwamba Kizito, mmoja wa mashahidi hao, alikuwa kijana wa miaka kama 14 tu, alinyamaza kisha akauliza sikukuu ni lini. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba hajali.

Basi mama wa Kariobangi, haya ndiyo tuliyobadilisha mwaka huu. La kwanza na kubwa kuliko yote, Sista alitangaza katika Misa tatu za Jumapili kwamba siku ya sikukuu hakuna mtu atakayetajiwa karo, wala langoni, wala ofisini, wala pembeni, na akatimiza. La pili, hatukuomba pesa, tuliomba kazi, na tuliiomba ana kwa ana, kwa mtu anayejulikana jina. Usiseme "wazazi mnaombwa kujitolea," kwa maana maneno hayo hayamhusu mtu yeyote. Sema, "Mama, tunaomba utupikie mandazi." Nenda nyumbani kwake ukaseme hivyo. Narudia, nenda nyumbani kwake. Pesa chache zilizohitajika zilipitia ofisi ya parokia, na hesabu ilibandikwa ubaoni hadi shilingi ya mwisho, bila jina la aliyetoa.

Mahema hatukukodi. Mabenchi yalitolewa kanisani na makanga wawili ambao ni wazazi wetu, walioyabeba tangu saa kumi na mbili asubuhi. Baba wa Kianglikana alileta kipaza sauti. Mlinzi aliombwa kulinda lango, kazi anayoijua, na alisimama hapo akiwa amenyosha sare yake, akimkaribisha kila mtu kwa mkono. Mama Mandazi alipewa pakiti 12 za unga wa kilo mbili mbili, mafuta na sukari, akaanza kukanda saa nane usiku pamoja na wanawake watatu wa jumuiya yake. Juni ya Nairobi mnaijua: ukungu, baridi, manyunyu yasiyokuwa mvua wala umande. Nilipofika alfajiri uwanja ulikuwa unanukia iliki, na moshi ulikuwa umelala juu ya ua wa mabati.

Saa nne Misa ilipoanza mabenchi yalikuwa yamejaa na watu wamesimama hadi kwenye ngazi za madarasa. Nilijaribu kuhesabu nikaishia 230. Wakati wa vipaji, yule msichana, sasa wa Gredi ya 3, alicheza mbele akiwa na kikapu cha mandazi yaliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, na mama yake alikuwa nyuma yake akipiga vigelegele. Hakugeuka hata mara moja. Sioni haya kusema kwamba nililia, na kwamba najivunia siku hiyo kuliko jambo lolote nililolifanya nje ya nyumba yangu.

Wenyeviti wenzangu, nisikilizeni. Tunahubiri kwamba Kristo aliketi na maskini, kisha tunaweka meza langoni. Acheni kubandika majina. Mtu hawezi kuipenda shule inayomwaibisha mbele ya mtoto wake, na mtoto anajua, hata kama yuko Gredi ya 2. Mkiona viti vitupu, msirekodi sauti ya kukemea. Vaeni viatu muende.

Kwa kuwa sikukuu yenu ni Oktoba, mmebarikiwa, maana mwezi huo umejaa nafasi. Ni mwezi wa Rozari, na Rozari haihitaji hema wala mchango. Jumapili ya Misioni nayo huja wiki moja kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi, na watoto wa PMC, shirika la Kipapa la utoto wa kimisionari, watakuwa na sare zao tayari. Waelezeni wazazi kwamba shirika hilo la watoto lilianzishwa mwaka wa 1843 na askofu mmoja wa Ufaransa, Forbin-Janson, aliyewaomba watoto Salamu Maria moja kwa siku na sarafu moja kwa mwezi. Sisi tumeweka kopo katika kila darasa kwa mfano huo. Kopo limefungwa, halina orodha, na hakuna ajuaye nani ametia nini. Halafu mna Misa ya kuwaombea watahiniwa wa Gredi ya 6 kabla ya KPSEA, tathmini yao ya kitaifa. Zamani sala hiyo ilikuwa ya Darasa la Nane, lakini KCPE, mtihani wao wa kitaifa, ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na wazazi wengi bado hawajazoea kwamba mtoto wa Gredi ya 6 naye ni mtahiniwa. Muombeni kila mzazi aje amwekee mtoto wake mkono kichwani. Hilo halina gharama, na sijaona aliyelikataa.

Sisi tutaanza Rozari jioni ya tarehe 1 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, na tutazunguka jumuiya kwa jumuiya, watoto wakiongoza mafungu. Nilidhani tungeanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya, lakini Mama Mandazi alitangulia kuomba nyumba ya kwanza iwe yake. Jumapili iliyopita alinisimamisha nje ya kanisa kuniuliza watakuja wangapi. Nikamwambia huenda wakafika thelathini. Akafikiri kidogo, akasema chai itatosha, ila chumba chake kina viti viwili, kwa hiyo kila mtu aje na kigoda chake, na mimi nije mapema nimsaidie kutoa kitanda nje.