Uliza Tujibu: Stringi Inapogeuzwa Kuwa Namba

Skripti yangu ya Bash (lugha ya amri za Linux) ya kuhifadhi nakala ilienda vizuri tangu Januari. Agosti ilipoingia ikaanza kutoa kosa "value too great for base", na sijagusa hata mstari mmoja. Imepatwa na nini? (Msomaji, Dodoma)

Ni ile sifuri ya mbele. Amri `date +%m` hutoa mwezi kwa tarakimu mbili: Julai ni 07, Agosti ni 08. Ndani ya `$(( ))`, mahali pa kufanyia hesabu, Bash ikiona sifuri mwanzoni huhesabu namba hiyo kuwa ya kizio cha 8 (kizio ni idadi ya tarakimu tunazohesabia; kawaida ni 10), na huko tarakimu zinaishia 7. Julai ilipita kwa sababu 7 ni 7 katika kizio cha 8 na cha 10. Agosti na Septemba zinagoma, kisha Oktoba mambo yanatulia yenyewe, kwani 10 haianzi na sifuri. Ndiyo maana wengi huliacha kosa hili mpaka mwaka unaofuata.

Andika hivi, `mwezi` ikiwa imebeba tokeo la `date +%m`: `$((10#$mwezi + 1))`. Hiyo `10#` inataja kizio waziwazi. Usisahau alama ya dola mbele ya `mwezi`. Bila hiyo Bash itazichukua herufi za neno "mwezi" kuwa ndizo tarakimu zenyewe, na kosa litarudi palepale. Kagua pia `%d`, `%H` na `%M` (siku, saa na dakika). Ukitumia dakika, skripti itaanguka dakika ya 08 na ya 09 tu kila saa, na utaapa kwamba seva ina mashetani.

Afadhali hata hilo linalopiga kelele. Stringi (yaani maandishi) `025` haitoi kosa lolote: inakuwa 21, kimya kimya.

Bei mteja anayoandika kwenye fomu ni "15,000" lakini JavaScript inasoma 15. Nimetumia `parseInt` kugeuza maandishi kuwa namba. (Msomaji, Kisumu)

`parseInt` husoma kutoka kushoto na kuishia kwenye alama ya kwanza isiyoijua, kisha hukupa ilichokwisha kusoma bila kulalamika. Koma imeikatisha. Vivyo hivyo "12kg" ni 12, na "1O5" iliyoandikwa kwa herufi O badala ya sifuri ni 1. Kwa pesa, tabia hii haifai kabisa.

Ondoa koma na nafasi kwanza, hakikisha kilichobaki kinalingana na `/^\d+$/`, yaani ni tarakimu tupu, ndipo uite `parseInt(s, 10)`. Ile 10 iandike kila mara: bila hiyo "0x1F" inasomwa kwa kizio cha 16 (ambako A hadi F ni 10 hadi 15) kama 31, na vivinjari vya kabla ya kanuni za 2009 viliweza kusoma "010" kama 8. `Number` ni kali zaidi kwa "12kg", inatoa `NaN` ("si namba"), ila stringi tupu inaigeuza 0. Fomu isiyojazwa itakuwa bidhaa ya bure.

Python haina upole huo. `int("15,000")` inatupa kosa la `ValueError`, na `int("0x1F")` pia, kwa kuwa kizio chake cha kawaida ni 10. `int("1F", 16)` ni 31. Ukiweka 0 mahali pa kizio, Python itakiamua kwa kuangalia kiambishi cha mbele: `int("0b101", 0)` ni 5.

Ninaandika kigeuzi changu mwenyewe kwa C. "3000000000" inatoka hasi. (Msomaji, Kampala)

`int`, aina ya namba kamili ya C, ikiwa ya biti 32 inaishia 2147483647. Kanuni yenyewe ni fupi: anza na jumla 0, kwa kila tarakimu zidisha jumla kwa kizio, kisha ongeza tarakimu. Kwa "1F": 0×16+1 ni 1, halafu 1×16+15 ni 31. Thamani ya tarakimu ni msimbo wake wa ASCII (namba inayowakilisha kila herufi kwenye kompyuta) ukitoa 48. Kwa A hadi F toa 55, kwa a hadi f toa 87.

Ukaguzi ufanye kabla ya kuzidisha, si baada: ikiwa jumla ni kubwa kuliko `(INT_MAX - t) / kizio`, `t` ikiwa ni tarakimu inayofuata na `INT_MAX` kikomo cha `int`, kataa. Ukisubiri mpaka imefurika umechelewa, maana C haiahidi lolote kuhusu tokeo hilo.

Kama si zoezi la darasani, tumia `strtol`, kigeuzi kilichomo tayari ndani ya C. Weka `errno = 0` kabla ya kuiita, kisha angalia mambo matatu: `errno` isiwe `ERANGE` (namba imepita kikomo), kielekezi cha mwisho, kinachoonyesha usomaji ulipoishia, kiwe kimesogea, na kiwe kimefika `'\0'`, alama ya mwisho wa stringi. `atoi`, kigeuzi kingine cha C, iache, ikirudisha 0 hujui kama mtumiaji aliandika 0 au "ndizi".